Misumari, pancha na kungojana: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu mbio za baiskeli

Kila Julai, Tour de France ikishaingia milimani, mabishano ni yaleyale: fulani kachomoka mwenzake akiwa na pancha, timu fulani imefanya hujuma, waamuzi wamefumba macho. Mengi yanatokana na kudhani kwamba uungwana wa barabarani umeandikwa kwenye kanuni. Haujaandikwa. Kilichopo ni mazoea, hesabu, na madeni ambayo waendeshaji wanadaiana wao kwa wao.

Dhana: Misumari ikikutwa barabarani, timu pinzani ndiyo imeimwaga

Tarehe 15 Julai 2012, katika hatua ya 14 ya Tour (hatua ni mbio za siku moja kati ya zile zinazounda Tour nzima) kutoka Limoux hadi Foix, misumari midogo ya kufungia zulia ilimwagwa karibu na kilele cha mlima wa Mur de Péguère. Waendeshaji wapatao 30 walipata pancha. Fununu za timu kuhujumiana zilianza siku hiyohiyo, lakini ukiipiga hesabu, hujuma ya namna hiyo haimlipi mshindani yeyote. Msumari hauchagui jezi. Kundi linapopita limebanana, gurudumu la kiongozi wako linakanyaga palepale linapokanyaga la adui yako. Tena mwendeshaji hana nafasi ya kumwaga kitu mbele ya kamera za pikipiki na helikopta. Anayefanya hivi ni mtu wa pembeni ya barabara.

Msumari wa zulia una kichwa kipana na mwili mfupi, kwa hiyo ukianguka hukaa juu ya kichwa chake au hulala ncha ikiwa imeinuka. Kwenye lami yenye kivuli cha miti huuoni. Na aliyeimwaga alijua pa kuimwagia, au alibahatisha vibaya sana: Péguère ni barabara nyembamba na kali, na mara tu baada ya kilele unaanza mteremko wa kasi. Tundu dogo halimalizi upepo papo hapo. Mtu anavuka kilele akidhani yuko salama, anaingia kona ya 3 au ya 4, gurudumu la mbele limeshalegea na halishiki tena. Robert Kišerlovski alianguka siku ile akavunjika mtulinga, na Tour yake ikaishia hapo. Pancha yenyewe hula muda tu. Mifupa huvunjwa na pancha iliyochelewa kujitangaza.

Wakati fulani dhana hii ilikuwa na chembe ya ukweli. Katika Tour ya 1904 misumari ilimwagwa, na kwenye mlima wa République karibu na Saint-Étienne genge la mashabiki wa mwendeshaji wa huko, Alfred Faure, liliwavamia wapinzani wake usiku kwa fimbo. Lakini hata hapo waliofanya ni mashabiki. Waendeshaji walikuwa na dhambi zao nyingine, na mwishoni mwa mwaka huo wanne wa kwanza wote walifutwa, ushindi akapewa Henri Cornet, kijana ambaye wakati wa mbio hizo hakuwa ametimiza miaka 20.

Dhana: Pancha ni sekunde 15 tu, unabadilisha gurudumu unaendelea

Ni sekunde 15 kama fundi yuko nyuma yako. Magari ya timu hayaendi na waendeshaji wao. Yamepangwa foleni nyuma ya kundi, na nafasi ya gari inatokana na mwendeshaji wa timu hiyo aliye juu zaidi kwenye msimamo. Timu iliyo mkiani inakuwa na gari mkiani. Kwenye mlima mwembamba kundi likikatika vipande, magari yote yanakwama nyuma ya waliochoka, na kiongozi anaweza kuwa mbele akiwa peke yake.

Ndivyo ilivyomkuta Cadel Evans pale Péguère. Alikuwa bingwa mtetezi, akasimama kileleni zaidi ya dakika 1 akitazama nyuma barabarani, gurudumu mkononi, gari halionekani. Alipopatiwa gurudumu akaanza kushuka, tairi likaisha upepo tena. Katika hali kama hiyo dawa ya kwanza ni mwenzako wa timu: anasimama, anakupa gurudumu lake au baiskeli nzima kama urefu wa siti unakaribiana, yeye anabaki kusubiri gari. Ndiyo maana timu makini hazimwachi kiongozi wao avuke kilele bila mtu.

Vifaa navyo vimebadilika. Mwaka 2012 wengi walitumia tairi za kugandishwa kwa gundi kwenye ringi, zikiwa na upepo wa bar 7 au 8. Siku hizi zimeenea tairi pana zisizo na tyubu, upepo wa bar 4 hadi 5, ndani yake maji ya kuziba matundu. Maji hayo huziba tundu la jiwe kali au kipande cha chupa, lakini msumari wenye kichwa ni kesi nyingine: ukibaki unaziba wenyewe kwa muda, ukichomoka katikati ya mteremko upepo unatoka kwa mshindo. Breki za diski nazo zimefanya kubadili gurudumu kuwe kwa polepole, kwa sababu ekseli inabidi ifunguliwe kwa kuzungushwa na diski iingizwe sawasawa kati ya pedi. Fundi wengi sasa hushusha baiskeli ya akiba kutoka juu ya gari na kumaliza habari.

Dhana: Kanuni zinakulazimisha umsubiri aliyepatwa na balaa

Hakuna kifungu hicho katika kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli. Kinachokaribia ni kanuni ya kilomita 3: katika hatua za tambarare, ukianguka, ukipata pancha au hitilafu ndani ya kilomita 3 za mwisho, unapewa muda wa kundi ulilokuwa nalo. Haitumiki pale mstari wa kumalizia ukiwa juu ya mlima. Zaidi ya hapo kuna mazoea, nayo yana masharti yake ambayo hayatajwi sana: awe kiongozi au mgombea halisi, balaa lisiwe la kujitakia, na mbio ziwe hazijawaka, yaani washindani hawajaanza kushambuliana. Mbio zikishawaka, mlango umefungwa.

Katika Giro, mbio za Italia, ya 2017 Tom Dumoulin, akiwa na jezi ya waridi ya kiongozi, alilazimika kusimama kando ya barabara kwa sababu ya tumbo, karibu na kuanza mlima wa mwisho wa hatua ya 16. Mbele watu walikuwa tayari wanasukumana, wakaendelea. Alipoteza zaidi ya dakika 2, akabaki na jezi, na mwishowe akashinda Giro kwa sekunde 31.

Mbio za siku moja hazina hata mazoea hayo, maana hakuna kesho ya kulipana fadhila. Ubingwa wa dunia ulipofanyika Kigali, tarehe 28 Septemba 2025, Remco Evenepoel alipiga shimo, siti ikashuka, akabadili baiskeli mara 2. Hakuna aliyepunguza mwendo wala hakuna aliyelaumiwa. Alimaliza wa 2 nyuma ya Tadej Pogačar.

Dhana: Kundi likipunguza mwendo, ni wema mtupu

Turudi Péguère. Bradley Wiggins, mwenye jezi ya njano ya anayeongoza Tour, alipunguza mwendo na timu yake ya Sky ikatuliza kundi. Pierre Rolland akaendelea mbele, baadaye akasema hakujua kilichotokea. Waliomfukuza hadi kumrudisha ni timu za Lotto na Liquigas. Si kwa sababu hao ndio walinzi wa maadili: walikuwa na Van den Broeck na Nibali wa kulindwa kwenye msimamo, na Rolland alikuwa anawatishia. Na utulivu wote huo uliwezekana kwa kuwa waliotangulia, akiwemo mshindi Luis León Sánchez, walikuwa mbali mno. Kundi lilifika zaidi ya dakika 18 baadaye. Wiggins aliungwana, ni kweli, ila siku ile uungwana ulikuwa rahisi kununua.

Mfano unaofundisha zaidi ni siku 2 za Tour ya 2010. Katika hatua ya 2, kushuka Stockeu kuelekea Spa, lami ilikuwa na maji ya mvua na mafuta ya pikipiki iliyoanguka. Watu wakateleza chungu nzima, akiwemo Andy Schleck. Fabian Cancellara, mwenye jezi ya njano na mwenzake Schleck wa timu, alituliza kundi, wakafika wote pamoja bila kushindana, Sylvain Chavanel aliyekuwa ametangulia akachukua hatua na jezi. Kesho yake, kwenye barabara za mawe kuelekea Arenberg, Fränk Schleck alianguka akavunjika mtulinga. Safari hii Cancellara huyohuyo hakutuliza chochote. Alivuta kwa nguvu zote akiwa na Andy nyuma yake, na mpinzani wa Andy, Alberto Contador, akapoteza zaidi ya dakika 1. Hakuvunja kanuni yoyote katika siku zote 2. Aliisoma hesabu ya timu yake tu.

Dhana: Contador alivunja sheria pale Port de Balès

Tour hiyohiyo, tarehe 19 Julai. Schleck, akiwa na jezi ya njano, alishambulia mlimani na cheni yake ikachomoka. Alberto Contador akampita pamoja na Denis Menchov na Samuel Sánchez, akapata sekunde 39 na kuvaa njano kwa tofauti ya sekunde 8. Alizomewa jukwaani, na usiku akaomba radhi kwa video.

Waamuzi hawakuwa na la kumwadhibu. Na kwa mazoea pia kesi ni dhaifu kuliko inavyosimuliwa. Cheni huchomoka kirahisi mtu anapobadili gia huku amesimama akikanyaga kwa nguvu zote: cheni ina mzigo mkubwa, gurudumu la nyuma linaruka, na meno hayapati nafasi ya kuipokea taratibu. Kuachilia kanyagio kwa nusu mzunguko wakati wa kubadili ni sehemu ya ufundi. Tena Schleck ndiye aliyeanza kushambulia. Mbio zilikuwa zimeshawaka. Kilichomponza Contador ni picha: jezi ya njano imeinamia cheni, yeye anapita. Tour iliisha kwa sekunde 39 zilezile, kisha mwaka 2012 akavuliwa ushindi kwa sababu ya dawa, jambo lisilohusiana na cheni.

Kinyume chake ni Jonas Vingegaard mwaka 2022, alipomngoja Pogačar aliyeanguka akishuka mlima wa Spandelles, wakapeana mikono na kuanza upya. Vingegaard alikuwa anaongoza Tour. Anayeongoza hupoteza kidogo akisubiri.

Dhana: Ukianguka kwenye kasi ya mwisho, kuna aliyekusudia

Kosa linaloadhibiwa ni kuacha mstari wako na kumhatarisha mwingine. Nia haihitaji kuthibitishwa. Mwaka 2020 huko Katowice, Poland, Dylan Groenewegen alimbana Fabio Jakobsen kwenye uzio, barabara ikiwa ya kushuka na kasi ikizidi kilomita 80 kwa saa. Alifungiwa miezi 9. Uzio nao ulisambaratika, na hilo si kosa la mwendeshaji. Upande mwingine, Peter Sagan alifukuzwa Tour ya 2017 baada ya Mark Cavendish kuanguka Vittel, na Desemba mwaka huo UCI ikakubali kuwa lilikuwa tukio la bahati mbaya. Tangu 2025 zinatolewa kadi za njano: 2 katika mbio zilezile, unatolewa na kukaa nje siku 7.

Dhana: Hatari kubwa ni watazamaji wenye chuki

Wapo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alimwagiwa mkojo katika Tour ya 2015. Lakini mazoea ya watu wema yanaangusha wengi zaidi. Bango la kuwasalimia babu na bibi liliangusha kundi zima siku ya kwanza ya Tour ya 2021. Aliyelishika alikuwa anatazama kamera, mgongo kwa waendeshaji. Mahakama ilimtoza faini ya euro 1,200. Ukienda kutazama: simama upande wa ndani wa kona, mbwa awe na kamba fupi, mkono wenye simu usivuke ukingo wa lami.

Dhana: Kushika chupa kutoka garini ni msaada usio na madhara

Kukabidhiwa chupa ni halali. Kuing'ang'ania huku dereva anakanyaga mafuta ni kuvutwa, na waamuzi huvumilia sekunde chache tu kabla ya faini. Vincenzo Nibali alipoburutwa na gari katika hatua ya 2 ya Vuelta, mbio za Hispania, ya 2015, alitolewa siku hiyohiyo. Kuitupa nako kuna sheria: Aprili 2021, katika Tour of Flanders, Michael Schär aliwarushia mashabiki chupa tupu nje ya eneo lililotengwa, akaondolewa mbioni.