Barua pepe ya 419 ni nini, na kwa nini uongo wake uko wazi hivyo?

Barua pepe ya 419 ni ujumbe wa mtu usiyemjua anayekuahidi mamilioni, mradi utangulize fedha kidogo. Namba hiyo inatokana na kifungu cha 419 cha sheria ya jinai ya Nigeria, kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Mbinu yenyewe haikuzaliwa Nigeria wala kwenye intaneti. Karne ya 19 watu walikuwa wakiletewa na posta barua za "mfungwa wa Hispania", aliyeomba gharama za kutoka gerezani ili awagawie hazina aliyoificha.

Kisa cha siku hizi unakijua: mjane wa jenerali ana dola milioni 18 zilizokwama benki, amekuchagua wewe, na asilimia 30 ni yako. Jina lako halimo, sarufi imevurugika, na anwani ya kujibu si ile iliyotuma. Msomaji huona tapeli huyu hajui kazi. Anaijua sana.

Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza hesabu ya tapeli huyo. Kutuma barua milioni moja ni karibu bure. Gharama huanza mtu anapojibu, kwa sababu hapo tapeli hubembeleza, hughushi hati na hupiga simu, pengine kwa wiki kadhaa. Anayejibu kisha akashtuka kwenye malipo ya kwanza amempotezea muda wote huo. Kwa hiyo uongo ulio wazi ni chekeche: mwenye shaka anajiondoa mwenyewe tangu mstari wa kwanza, anabaki yule ambaye huenda akalipa. Kisa kikinyooshwa kiaminike, majibu yataongezeka, lakini mengi yatakuwa ya watu wasiolipa.

Linganisha na ule ujumbe wa simu uliosumbua sana Tanzania: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hauna jenerali wala mjane. Unamvizia mtu ambaye kweli alikuwa anakaribia kutuma kodi ya nyumba, na akishatuma, kazi imekwisha. Hakuna mazungumzo marefu, basi hakuna haja ya kuchekecha.

Kwenye 419 malipo huja kwa ngazi: ada ya faili, kodi, bima, hati ya kuthibitisha kwamba fedha ni halali. Kila ukilipa, kikwazo kipya kinazuka, na unaendelea kwa kuogopa kupoteza ulichokwisha kutoa. Ndugu yako akinaswa, usimwite mjinga, maana atanyamaza na kuendelea kulipa kwa siri. Muulize tu kwa nini ada hizo zisikatwe humo humo kwenye hizo milioni 18.

Wewe usijibu kabisa, hata kwa matusi, kwa kuwa jibu lolote linathibitisha kwamba anwani yako inatumika. Na aliyekwisha kutapeliwa ajihadhari na "mpelelezi" atakayemwandikia baadaye kwamba fedha zake zimepatikana, ila kuna ada ndogo ya kuzitoa.