Chanzo na mipaka ya nguvu za Superman: mashabiki wanabishania nini hasa

Mashabiki wa katuni za mashujaa wakikutana, haichukui muda mtu kuuliza kama Superman anamuweza Goku, yule shujaa wa katuni za Kijapani za Dragon Ball, na hapo ndipo kelele zinapoanza. Kinachowagombanisha ni mambo mawili ambayo kwa kawaida hakuna aliyeyaweka wazi: nguvu zake zinatoka wapi, na zinaishia wapi.

Chanzo ni sababu ambayo hadithi yenyewe inaitoa. Mipaka ni yale asiyoyaweza, au anayoyaweza kwa sharti fulani. Cha kwanza ndicho kinachozaa cha pili: shujaa ambaye nguvu zake zimo kwenye pete, mvue pete umemmaliza.

Kwa Superman mambo ni magumu kwa sababu chanzo chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja. Alipotoka mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics, kazi ya vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, hakuwa akipaa. Alikuwa akichupa. Mruko mmoja ulimpeleka kama mita 200, na jengo la ghorofa 20 alilivuka, lakini kombora likimlipukia lingeweza kumtoboa ngozi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba watu wa sayari yake wametutangulia kimaumbile kwa mamilioni ya miaka, na wasomaji wakakumbushwa sisimizi anavyobeba mzigo unaomzidi uzito na panzi anavyoruka. Jua halikutajwa kabisa.

Baadaye ikaja hoja ya mvutano: Krypton, sayari alikozaliwa Superman, ni kubwa na inavuta kwa nguvu, kwa hiyo aliyezaliwa huko akifika duniani anajiona mwepesi. Sawa, hiyo inaeleza kuchupa na kunyanyua magari. Macho yanayotoa moto je? Mwaka 1960 waandishi wakaleta jua la manjano: miale ya jua letu ndiyo inayompa nguvu, na chini ya jua jekundu kama la kwao anabaki mtu wa kawaida. Kwangu mimi hii ndiyo hoja iliyowapa nafasi ya kupumua, maana ukishasema ni miale, unaweza kuibebesha karibu kila kitu.

Mipaka nayo mara nyingi hutungwa hadithi inapokwama. Kriptonaiti, jiwe la kutoka Krypton linalomdhoofisha, ilianzia kwenye mchezo wa redio mwaka 1943, ikaingia kwenye katuni mwaka 1949, wakati ambapo kumpatia adui wa kumtisha kulikuwa kumeshakuwa kazi. Hata hivyo nguvu ziliendelea kupanda hadi akawa anasukuma sayari, na mwaka 1986 mwandishi na mchoraji John Byrne alipomsimulia upya toka mwanzo, akampunguza. Mwaka 1992 akauawa kabisa na jitu liitwalo Doomsday. (Waliozoea kwamba steringi hafi walisubiri kidogo tu, mwaka uliofuata alirudi.)

Kwa hiyo anayesema "Superman hawezi hilo" na anayesema "anaweza" wanaweza kuwa sahihi wote wawili. Swali la kwanza liwe: Superman wa miaka ipi?

Kuna mashabiki wanaochimba zaidi. Chukua ndege ya abiria inayoanguka. Superman anaidaka puani kwa viganja viwili. Uzito wote wa ndege, tani na tani, unakutana na sehemu mbili ndogo za bati jembamba. Ilipaswa apenye kama sindano, ndege iendelee kuanguka. Jibu walilolipenda wengi ni kwamba mwili wake umezungukwa na nguvu inayosambaa kwenye kitu anachokishika, ikakibeba chote kwa pamoja. Mwaka 1993 Superboy mpya, shujaa kijana wa hadithi hizohizo, alipewa uwezo wa namna hiyo waziwazi: akigusa kitu anakitawala kwa akili.

Ubishi mwingine usioisha ni wa uchawi. Wengi huuweka fungu moja na kriptonaiti, nami naona wanachanganya. Kriptonaiti inamdhuru yeye na watu wa kwao, wakati binadamu anaweza kuishika mkononi bila kudhoofika papo hapo. Uchawi haumchagui. Unampata jinsi ungekupata wewe, kwa sababu ngozi yake inazuia risasi na moto, wala hakuna mahali ilipoahidiwa kuzuia laana.