Si uzembe unaomchelewesha mwenye fistula
Hapa Mombasa husemwa mara nyingi kwamba mwanamke anayevuja mkojo baada ya kujifungua, kisha akakaa miaka bila kwenda hospitali, ni mzembe wa afya yake. Kauli hiyo si kweli, na inaumiza.

Fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo namna hiyo, hutokea pale uchungu unapodumu muda mrefu mno na kichwa cha mtoto kikabana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga hadi damu isipite; nyama hufa, na siku chache baadaye tundu hufunguka kati ya kibofu na uke. Kwa kuwa mara nyingi mkojo huanza kuvuja mwanamke akiwa amekwisha kurudi nyumbani, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya uzazi, yatapita. Asiyejua kwamba ni ugonjwa wenye tiba, tiba ataitafuta wapi?

Kisha huja aibu: kuvuka kivuko cha Likoni katikati ya msongamano, kanga imekunjwa mara nne ndani ya buibui, halafu kupanda matatu akihofia kulowesha kiti. Wengine hujinyima maji, ilhali mkojo mzito huzidisha harufu na kuchubua ngozi. Wengine huacha hata kuswali, ingawa sheria ya Kiislamu inamruhusu asiyeweza kuzuia mkojo kutawadha kwa kila swala ya faradhi. Nauli na ruhusa ya nyumbani huongeza miezi mingine.

Tundu dogo likiwahiwa mapema, mpira wa mkojo pekee huweza kulisaidia lijifunge. Lililokaa miaka huhitaji upasuaji, na wengi hupona.