Hedifoni "kusukumwa" na amplifaya: maana yake hasa

Kwenye mikutano ya wapenzi wa sauti, meza zikiwa zimejaa hedifoni za bei kali na amplifaya za kila umbo, kuna maneno utakayoyasikia kabla hujafika meza ya tatu: "Hapo bado haijasukumwa." Mtu anavua hedifoni, anatikisa kichwa, anaichomeka kwenye amplifaya kubwa ya jirani, na uso unamchangamka. Sasa imesukumwa. Mgeni akiuliza imesukumwa vipi, anajibiwa kwamba jukwaa, yaani hisia ya nafasi ambamo ala zimetawanyika, limepanuka, besi imeshikamana, muziki umepata pumzi. Huenda yote hayo ameyasikia kweli, ila hajaambiwa yametoka wapi. Yanatoka kwenye mambo machache ya umeme yanayopimika, na mara nyingi sana kwenye jambo moja lisilohusu ubora wa amplifaya hata kidogo, ambalo ni volyumu.

Hedifoni ya kawaida ina koili nyepesi ya waya iliyobandikwa kwenye utando mwembamba, na koili hiyo inakaa ndani ya uga wa sumaku. Amplifaya ikipeleka mkondo, koili inakwenda mbele na nyuma, utando unaitikisa hewa, sikio linasikia. Kusukuma basi ni kuipa koili volti na mkondo unaotosha kufikia vilele vya juu kabisa vya muziki kabla amplifaya haijaishiwa. Ikiishiwa, vilele vya mawimbi hukatwa, ngoma hupoteza mshindo na sauti kali huanza kukwaruza. Isipoishiwa, kazi imekwisha. Hapo ndipo ubishi wa mezani unapoanzia, maana wengi huamini kuna kusukumwa na kusukumwa zaidi. Mimi nashikilia kwamba wati zilizobaki bila kutumika hazina sauti.

Namba ya kwanza ya kutazama ni impedansi, inayopimwa kwa omu. Ni kiasi ambacho hedifoni inaukinza mkondo unaobadilika-badilika. Beyerdynamic DT 880 imewahi kuuzwa kwa omu 32, 250 na 600, na kwa nje zinafanana. Ya omu 600 inataka volti nyingi na mkondo kidogo, ya omu 32 inataka volti kidogo na mkondo mwingi. Kwa hiyo kusema tu kwamba omu nyingi ni "ngumu" hakutoshi, kwa sababu ugumu unategemea aliye upande wa pili wa waya. Simu huishiwa volti mapema. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) isiyo na transfoma kwenye njia ya kutokea ina volti za kumwaga, ila mkondo wake ni haba, kwa hiyo inaweza kuimba vizuri na omu 600 halafu ikahema mbele ya omu 32.

Namba ya pili, na kwangu ndiyo yenye habari zaidi, ni usikivu wa hedifoni: inatoa sauti ya desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa umeme kiasi fulani. Hapa kuna mtego. Watengenezaji wengine huandika desibeli kwa miliwati 1, wengine desibeli kwa volti 1, na wengine huandika "dB" tu na kukuachia ukisie. Namba hizo huwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Sennheiser HD 650, yenye omu 300, imeandikwa desibeli 103 kwa volti 1. Ukiigeuza kwa hesabu inakuwa takribani 98 kwa miliwati. Anayesoma 103 upande mmoja na 98 upande mwingine anaweza kudhani ni hedifoni mbili tofauti.

Sasa iweke HD 650 kando ya HiFiMan HE-6, ambayo ina omu 50 na desibeli 83.5 kwa miliwati. Kwa mazoea ya "omu nyingi ni ngumu", mtu angeiogopa Sennheiser. Tuseme tunataka vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiwango cha juu kweli kweli. HD 650 itahitaji takribani volti 2.2 na mkondo wa miliampea 7 hivi, sawa na miliwati 17. HE-6 kwa kilele hicho hicho inadai karibu volti 4.7 na miliampea 95, yaani miliwati 450 kasoro kidogo. Ni zaidi ya mara 25 ya nguvu, kwa hedifoni yenye omu chache mara sita. Chanzo kidogo chenye volti 1 kinaifikisha HD 650 kwenye desibeli 103, ambazo kwa wasikilizaji wengi zinatosha na kubaki. Kwa HE-6, volti hiyo hiyo inakomea karibu na 97, na hapo ni iwapo kifaa kina uwezo wa kutoa miliampea 20 zinazohitajika. Muziki wa okestra, wenye sehemu za chini sana na vilele vya ghafla, ndio unaoliumbua pengo hilo haraka. Wimbo wa kisasa uliobanwa hadi kila kitu kina kimo kimoja hautalionyesha.

HE-6 ni ya aina inayoitwa plana: badala ya koili ndogo katikati, njia za waya bapa zimetandazwa juu ya utando wote, na sumaku zimepangwa kando yake. Aina hii ndiyo iliyotia watu hamu ya amplifaya nzito mezani. Hata hivyo si plana zote zilizo na njaa hiyo, nyingine zinaimba vizuri kwa simu.

Kuna kosa dogo linaloenea sana kuhusu kitufe cha volyumu. Mtu anageuza robo ya mzunguko, sauti inamjaa masikioni, anasema amplifaya hii ina nguvu mno. Alichokiona ni ukuzaji, yaani ishara inayoingia inazidishwa mara ngapi. Nguvu ni jambo jingine, ni pale amplifaya inapogonga dari. Amplifaya dhaifu iliyowekewa ukuzaji mkubwa itapiga kelele mapema na kukwaruza mapema. Yenye nguvu iliyowekewa ukuzaji mdogo itataka ugeuze kitufe karibu hadi mwisho, na ikifika huko bado ni safi. Swichi ya ukuzaji wa juu na wa chini iliyopo kwenye amplifaya nyingi haiongezi wati hata moja. Kwa hedifoni nyepesi iache chini, maana ukuzaji wa juu huinua pia ule mvumo wa "shhh" wa nyuma, na hedifoni ndogo za kuzama sikioni zinausikia kuliko zote.

Namba ya tatu haiandikwi kwenye kisanduku cha hedifoni kwa sababu ni ya amplifaya: impedansi ya kutokea, yaani ukinzani wa amplifaya yenyewe pale umeme unapotokea kwenda kwenye hedifoni. Ndiyo inayoweza kubadilisha kweli tabia ya sauti, na ndiyo ambayo watu wengi hawaiulizi. Impedansi ya hedifoni yenye koili haikai mahali pamoja. HD 650 inaitwa ya omu 300, lakini kwenye besi, jirani na hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), hupanda hadi karibu omu 500. Huko utando una mwendo wake wa asili, kama bembea inayokwenda mbali kwa msukumo mdogo ukiipata kwenye mdundo wake. Ichomeke kwenye amplifaya ya valvu yenye omu 100 za kutokea. Sehemu kubwa ya muziki itapata asilimia 75 ya volti, lakini pale kwenye omu 500 itapata asilimia 83. Tofauti ni karibu desibeli 0.9. Kwa hiyo besi ya juu inanenepa kidogo, na pia breki zinalegea, kwa kuwa koili inayotembea huzalisha umeme wake yenyewe na amplifaya yenye impedansi ndogo ndiyo inayoupa njia ya kuizuia isiendelee kutetema.

Ule "ujoto wa valvu" unaosifiwa mezani mara nyingi una sehemu yake hapa. Nami naupenda, sina haya kusema, hasa kwa sauti za waimbaji. Lakini ni marekebisho ya toni. Haina maana kwamba hedifoni ile ilikuwa na njaa kwenye amplifaya ya transista.

Kanuni ya mkono ni impedansi ya kutokea isizidi moja ya nane ya ile ya hedifoni: chini ya omu 4 kwa hedifoni ya omu 32, na hata omu 37 zinakubalika kwa ya 300. Zamani mambo yalikuwa tofauti. Kiwango cha kimataifa IEC 61938 kiliwahi kupendekeza omu 120, ndiyo sababu soketi za hedifoni kwenye baadhi ya vifaa vya zamani zinazifanya hedifoni za leo zisikike nzito na zenye besi iliyolegea. Plana hazijali sana jambo hili, kwani impedansi yao ni karibu mstari ulionyooka; volyumu itashuka, toni itabaki. Wanaoathirika zaidi ni wale wenye hedifoni za sikioni zenye vitoa-sauti vingi vidogo, ambazo impedansi yake inaweza kupanda na kushuka mara kadhaa katika wigo wa masafa, kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Hata omu 10 zinatosha kuzigeuza kitu kingine, na hiyo ni sababu ya watu wawili kugombana juu ya hedifoni moja bila yeyote kusema uongo.

Baada ya hayo yote inabaki volyumu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kutolingana huko hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Sauti ikiwa ndogo, besi inafifia kuliko sehemu nyingine. Ikipanda, besi inarudi. Kwa hiyo amplifaya iliyo juu kwa desibeli 1 au 2 tu itasikika ina besi zaidi na undani zaidi, na msikilizaji hatatambua kwamba ni kelele iliyoongezeka. Atasema amplifaya ya pili imefungua muziki. Kwa ubadilishanaji wa haraka wa mezani, kila mtu akigeuza kitufe kwa kukadiria, naamini sehemu kubwa ya hukumu zinazotolewa ni hukumu za volyumu.

Dawa yake inachosha lakini ipo. Unacheza mlio mmoja usiobadilika, unapima volti kwenye njia ya kutokea ya kila amplifaya huku hedifoni ikiwa imechomekwa, na unazilinganisha hadi zitofautiane kwa asilimia moja hivi, ambayo ni kama desibeli 0.1. Mita za bei nafuu husoma kwa uhakika masafa ya chini tu, yale ya umeme wa majumbani, kwa hiyo mlio wa hezi 50 au 60 unafaa kuliko wa 1,000. Kisha mtu mwingine anabadilisha waya bila wewe kuona. Ukiifanya hivi, tofauti nyingi zinakonda. Zile zinazobaki mara nyingi zina maelezo kwenye impedansi ya kutokea au kwenye nguvu iliyoishiwa.

Chumba chenyewe pia hakikusaidii. Hedifoni nyingi za juu zina migongo wazi, kelele za watu zinaingia bila hodi, na mkono unaongeza volyumu kufidia. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha saa 8 kwa desibeli 85, na muda hupungua nusu kwa kila desibeli 3. Kwa 94 imebaki saa moja. Sikio lililochoka nalo linatoa hukumu, na inakuwa mbaya. Mkutano ni mahali pazuri pa kujua kama hedifoni inakubana kichwa, ina uzito gani, na kama tabia yake kwa jumla inakuvutia. Kupambanua amplifaya mbili nzuri pale ni kazi ngumu mno.

Soketi za balansi, zile zenye pini nne au za milimita 4.4, zinastahili neno moja: amplifaya ile ile ikiendesha ncha zote mbili za koili, badala ya moja, hutoa hadi mara mbili ya volti, kwa hiyo bila kulinganisha volyumu utaipendelea kila mara. Impedansi ya kutokea nayo huongezeka maradufu.

Kuna hedifoni zinazovunja mazoea yote haya. AKG K1000, ya omu 120 na desibeli 74 tu kwa miliwati, inataka karibu wati 4 kufikia vile vilele vya desibeli 110, ndiyo maana wenye nayo huifunga kwenye amplifaya za spika. Hedifoni za Stax, kampuni ya Japani iliyotoa hedifoni yake ya kwanza ya elektrostatiki mwaka 1960, hazina koili kabisa. Utando wake unashikiliwa kwa chaji, volti 580 katika mfumo wa Stax uitwao Pro, na unavutwa huku na huku na bamba mbili zenye matundu. Hizo haziingii kwenye amplifaya ya kawaida, soketi yenyewe ni nyingine. Ukikaa kwenye meza ya Stax unasikiliza jozi nzima, hedifoni na kiendeshi chake, yaani amplifaya yake maalumu, na usipokuwa na kiendeshi cha pili kando, hakuna njia ya kujua sifa unayoisikia ni ya nani kati ya hao wawili.