Jinsi barua zilivyoiokoa Qantas

Kwa kuwa kazi yangu ni kukagua hesabu za mashirika madogo ya ndege, mara nyingi hurejea miaka ya mwanzo ya Qantas, iliyosajiliwa Queensland, Australia, mnamo Novemba 1920. Mtaji wake ulikuwa mdogo, nao Fergus McMaster, ambaye mwenyewe alikuwa mfugaji, aliuchangisha kwa wafugaji wenzake. Marubani Paul McGinness na Hudson Fysh walianza na ndege mbili, wakiwatembeza watu angani kwa malipo. Biashara hiyo haidumu: mtu hupanda mara moja, akaridhika, ilhali fundi na injini hudai fedha daima.

Kilichoiokoa Qantas ni mkataba wa kubeba barua. Serikali ilikubali kulipa shilingi nne kwa kila maili katika njia ya Charleville hadi Cloncurry, maili 577, ikisafiriwa kwenda na kurudi mara moja kwa wiki. Zidisha, ukikumbuka kwamba pauni moja ilikuwa shilingi 20, utapata takriban pauni 12,000 kwa mwaka, hata kiti cha abiria kikiwa kitupu. Safari zilianza tarehe 2 Novemba 1922, na abiria wa kwanza, Alexander Kennedy, alikuwa mzee wa miaka 84.

Njia yenyewe ilichaguliwa kwa akili sana. Reli za Queensland zilitoka pwani kuelekea bara bila kuunganishwa huko ndani, na ndege zilipita Charleville, Longreach na Cloncurry, miji ya reli tatu tofauti. Kwa hiyo Qantas haikushindana na treni, bali ilifanya kazi ambayo treni haikuweza.

Kwa maoni yangu, uamuzi wao bora zaidi ulikuwa wa kukataa. Ndege ya Vickers Vulcan, waliyoiagiza kutoka Uingereza, ilipoonekana haina nguvu ya kutosha katika joto la huko, hawakuipokea, ingawa walikuwa na uhaba mkubwa wa ndege. Baadaye walitumia ndege za aina ya DH.50, na kuanzia 1926 waliziunda wenyewe kwa leseni katika karakana yao ya Longreach, jambo lililowapa mafundi kazi ya kudumu. Mwaka 1928 waliikodisha moja, pamoja na rubani, kwa huduma ya daktari wa anga iliyoanzishwa na mchungaji John Flynn huko Cloncurry, wakapata mteja wa pili asiyetegemea barua.