Alama za mtihani wa mwandishi hazitoshi

Ninatunga na kusahihisha majaribio ya waandishi wa kujitegemea, wale ambao leo wameshika kipeperushi cha benki na kesho makala ya afya. Wateja huuliza kwanza, "Kapata ngapi?" Mimi huanza kutazama pale alipokosa: alikuwa na uhakika kiasi gani?

Chukua mtihani wa kuchagua jibu, maswali 40, kila moja na majibu manne. Asiyejua lolote akibahatisha mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida ataokota kama 10. Aliyepata 18 basi huenda anayajua 11 hivi, yaliyobaki yamejileta yenyewe. Tena mtihani huo unapima kulitambua kosa lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, na kuandika ni kazi nyingine kabisa.

Upana wa mwandishi huonekana anapoandika. Nampa maelezo ya namna chanjo inavyouandaa mwili kupambana na ugonjwa, halafu nataka matini tatu: tangazo fupi, aya ya mzazi mwenye wasiwasi na muhtasari wa wauguzi. Wengi hubadilisha msamiati tu. Mpangilio unabaki uleule, hoja ya kwanza ni ileile, hata urefu wa sentensi hausogei. Mwenye upana hujua kwamba mzazi anataka kusikia habari za homa ya baada ya sindano kabla ya jambo jingine lolote, na kwamba muuguzi hahitaji kubembelezwa. Nakagua pia kile kisichopaswa kubadilika. Chanjo "inayopunguza hatari" ikigeuka "inayozuia kabisa" kwa sababu tangazo lilitaka mvuto, hapo namkatia alama nyingi, hata kama sentensi imenyooka.

Kujiamini nako kunapimika. Kando ya kila jibu mtahiniwa anaandika uhakika wake kwa asilimia. Kanuni ya kukokotoa ilitolewa mwaka 1950 na Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, kwa ajili ya kupima utabiri. Unachukua tofauti kati ya uhakika wako na matokeo (1 ukipatia, 0 ukikosea), kisha unaizidisha kwa yenyewe. Ukiwa na uhakika wa asilimia 90, yaani 0.9, na ukapatia, adhabu yako ni 0.01. Ukikosea ni 0.81. Aliyekosea akiwa na uhakika wa 0.6 anaadhibiwa 0.36 tu. Watu wawili wenye alama sawa wanaweza kuachana mbali hapo, na mimi humchukua yule anayejua ujuzi wake unaishia wapi.

Sababu ninayo. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti uliokuwa pia na jaribio la sarufi ya Kiingereza. Robo ya chini kabisa walijiona wamewazidi wenzao 67 katika kila 100. Kwa kweli waliwazidi kama 10. Walipoonyeshwa karatasi za wenzao, waliofanya vizuri walirekebisha makadirio yao, wa chini hawakujifunza kitu. (Wapo wanatakwimu wanaosema sehemu ya pengo hilo inatokana na hesabu yenyewe, na hoja yao ina uzito.)

Kwa hiyo katika kila jaribio ninapachika mtego mmoja: jedwali ambalo asilimia zake zikijumlishwa zinafika 108. Wapo wanaolinakili lilivyo. Wapo wanaolisawazisha kimyakimya, na hao wananitia hofu zaidi, kwa kuwa wamebuni takwimu na mhariri hatajua. Ninayemtafuta huacha maelezo pembeni: "Jumla haikubali, naomba chanzo." Huyo ana ujasiri wa kuandika na wa kuuliza pia.

Mtahiniwa naye ana haki yake. Jaribio liwe fupi, na kipande chochote ambacho mteja anakusudia kukichapisha kilipiwe. Mteja akikataa hilo, mimi simtungii mtihani.