Ubavu wa radiali kuvimba si udhaifu

Mafundi wengi wa pancha hapa Kampala watakwambia trela haifai tairi za radiali: "Ni laini, tazama ubavu ulivyovimba." Uvimbe huo ndio umbile lake. Nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, hivyo ubavu hunepa huku mikanda ya chuma ikituliza uso unaogusa lami. Zile za nyuzi za kupishana husuguana ndani na kuchemka zaidi. Ukisimama Lukaya ukielekea Mbarara, zisogezee kiganja, utausikia moto. Nguvu isome ubavuni: ST205/75R15 (R ni radiali) na ST205/75D15 (D ni ya kupishana), zote za daraja C la uzito, hubeba sawa, kilo 825 kila moja kwa upepo wa psi 50. Kwa trela ya shambani, mwendo wa polepole kwenye mawe, za kupishana zinatosha. Ila nakusihi, usizichanganye na radiali kwenye trela moja.